Uzi Ndani ya Beseni

Kila asubuhi kabla ya shule, Asma alishuka bombani na madumu mawili ya njano, akapanga foleni na wasichana wenzake wa mtaa wa Ndosho na kucheka nao mpaka zamu yake ifike. Mtu akisikia kicheko chake kutoka barabarani, alijua kwamba maji yametoka. Alhamisi hiyo maji yalitoka, foleni ilikuwa ndefu, lakini Asma hakucheka. Alisimama juu ya mawe meusi ya volkano akijiuma ukucha wa kidole gumba, na mwanamke aliyekuwa nyuma yake ilimbidi amguse bega kumwambia kwamba foleni imesogea.

Nyumbani alimkuta mama yake akifunga mzigo wa mikoba ya mitumba aliyoiuza sokoni.

"Asma, juu ya nini haukule mukate?" mama aliuliza.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba na nini? Tangu jana uko unashiba bila kula."

Asma alichukua mfuko wake wa vitabu akatoka. Ukweli ni kwamba tumbo lake lilikuwa limejaa hofu. Siku iliyotangulia alikuwa amemdanganya mwalimu wake, akamdanganya na rafiki yake, na wote wawili walikuwa wamemwamini.

Mambo yalianza na Madame Valérie, mwalimu wa sayansi wa darasa la nane. Kila Jumatano mchana, wanafunzi waliopenda sayansi walibaki naye darasani. Siku moja aliwafundisha habari za protini.

"Misuli yenu ni protini. Nywele zenu ni protini," alisema. "Protini ni kama mnyororo mdogo sana. Ukiwa majini, mnyororo huo unajikunja wenyewe na kupata umbo. Sasa, maumbo mengine yana pande zinazovutana. Yakikutana majini yanashikana, yanakuwa pete au mpira, na hakuna mkono ulioyapanga."

Mvulana aitwaye Darius aliinua kidole. "Madame, nani anayaambia yakutane?"

"Hakuna mtu. Ndani ya maji kila kitu kinatikisika na kugongana. Pande zinazofaana zikigusana, zinashikana. Siku hizi kuna watu wanaobuni protini mpya kwa kompyuta. Wanachagua mpangilio wa mnyororo, ili ukijikunja uwe na pande wanazozitaka. Kisha protini hizo zinajijenga zenyewe kuwa vyombo vidogo vya kubebea chanjo au dawa. Ukizipanga pete hizo kwa mstari, utahitaji maelfu ili kufikia upana wa unywele mmoja."

Baadhi ya wanafunzi walijishika nywele.

Basi Madame aliwapa kazi. Kila wawili wakate vipande sita kutoka kwenye soli za kandambili zilizochakaa, vipande vyenye umbo moja, ambavyo vikishikana vinafanya pete. Kila kipande kiwe na sumaku kila upande. Waviweke ndani ya beseni la maji, walitikise beseni, waone kama pete itajifunga yenyewe. Watakaofaulu wataonyesha Jumamosi mbele ya wazazi na mbele ya mgeni, Docteur Namegabe, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kubuni protini.

Asma alifanya kazi na Darius. Familia ya Darius ilitoka milima ya Masisi, na sasa walikaa huko Lac Vert, ambako mama yake aliuza makaa. Kila siku Darius alikuja shuleni kwa miguu, na hakuchelewa hata mara moja. Asma, yeye alikuwa na mikono myepesi na haraka isiyo na mfano. Darius alikata vipande, Asma akaleta sumaku.

Sumaku alizitoa kwenye vifungo vya mikoba iliyochanika, ambayo mama yake hakuweza tena kuiuza. Na hapa ndipo Asma alipoteleza. Sokoni kwa mama yake, mnunuzi akitaka kujua kama mkoba ni mzuri, anaufungua na kuufunga karibu na sikio. Kifungo kikilia *pa* kwa nguvu, mkoba unauzika. Asma alikuwa amekua na mlio huo. Kwa hiyo alichagua vifungo vinavyolia kuliko vyote, vile ambavyo mtu huvitenganisha kwa mikono miwili, akaamini kwamba amechagua vizuri.

Lakini ndani ya beseni vile vipande vilikuwa na wazimu. Viliporushwa tu majini, vilirukiana. Viwili viligeuka juu chini, cha tatu kikapanda mgongoni mwa vingine, na vikishagandana, hata ulitikise beseni mpaka mikono ife ganzi, haviachani. Kila jioni walijaribu, kila jioni wakapata rundo badala ya pete.

"Tutafika tu," Darius alisema kila mara, akivuta vipande kimoja kimoja kwa kucha.

Asma hakuwa na subira hiyo. Jumanne, peke yake nyumbani, alitoboa kila kipande kwa sindano ya moto. Akapitisha uzi wa nailoni, ule mwembamba usioonekana majini, kama kamba inayopita kwenye mdomo wa mfuko. Ukivuta ncha ya uzi, mdomo unafunga. Siku ya pili yake, mbele ya Madame, Darius alitikisa beseni huku macho yake yote yakiwa kwenye maji. Mkono wa Asma ulikuwa chini ya kitambaa cha meza, umeshika ncha ya uzi. Alivuta polepole, na pete ikafunga.

Madame Valérie alipiga makofi. Darius aliitazama pete ile huku machozi yakimlengalenga, na tangu dakika hiyo Asma hakuweza kula.

Alhamisi hiyo, alipofika shuleni, Darius alikuwa akimngoja getini.

"Nimemuambia mama," alisema. "Ataacha makaa yake Samedi, siku ya kuonyesha, akuye kutuona. Hajaingia mu shule yangu hata siku moja."

"Ni mbali sana," Asma alisema. "Asijisumbue."

"Anataka. Ameshaazima kitambaa kwa jirani, asikuye na nguo ya makaa."

Asma alitaka kusema, na maneno yalifika mpaka kwenye ulimi, lakini kengele ikalia naye akaishukuru.

Wakati wa mapumziko mambo yalizidi. Nyuma ya darasa alimkuta Umwiza, msichana mpole aliyekaa dawati la mbele, ameinama akikata soli mpya. Vipande vyake vya zamani vilikuwa vimetupwa kando.

"Umwiza, juu ya nini unakata tena?"

"Yetu ilikuwa inashikana kidogo, kisha inaachia," Umwiza alisema. "Tulipoona yenu, tukajua sumaku yetu iko mubaya. Tumeitupa. Tumetafuta yenye nguvu kama yenu. Lakini sasa inagandana tu, Asma. Tumekosa wapi?"

"Sijui."

"Na yenu iko na matundu madogo. Ni ya nini?"

Asma alihisi uso wake ukiwaka. "Ya kupitisha hewa," alisema.

Umwiza alimwamini. Akachukua msumari, akaanza kutoboa vipande vyake kwa uangalifu, tundu moja moja, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Asma alisimama pale akimwangalia. Uongo mmoja ulikuwa umezaa wa pili, na sasa mtu asiye na kosa alikuwa akitoboa kandambili kwa sababu yake. Aliondoka mbio kabla hajalia.

Ijumaa, baada ya shule, aliutoa uzi akajaribu tena kwa haki. Alitikisa beseni uani mpaka maji yakamwagika miguuni. Vipande viligandana. Alivitenganisha, akavirudisha majini, vikagandana tena. Jua lilipoanza kushuka, alirudisha uzi mahali pake huku akijichukia. Mama yake alirudi kutoka sokoni akamkuta amekaa chini na nguo iliyolowa.

"Mama, nafikiri kesho nitakuwa na homa," Asma alisema.

Mama alitua mzigo wake. Alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo kwa muda. "Homa gani hii inatoa habari mbele ya kufika?"

"Kichwa kinaniuma."

"Basi lala. Darius ataonyesha peke yake. Ule ni mutoto wa akili, hatashindwa."

Asma aliona picha yote mara moja. Darius anatikisa beseni bila kujua habari ya uzi. Anatikisa, anatikisa, wazazi wanacheka, na mama yake amekaa kwenye benchi na kitambaa cha kuazima. Hapakuwa na njia ya kukimbia ambayo haikupita juu ya Darius.

"Nitaenda," alisema.

"Nilifikiri hivyo," mama alijibu. "Kuna kitu kinakukula, Asma. Sitakilazimisha kitoke. Lakini kikikuzidi, mimi niko hapa."

Jumamosi darasa lilijaa. Wazazi walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga mbao. Mama yake Darius alikaa safu ya pili, amejifunga kitambaa cha bluu, mikono imetulia mapajani. Docteur Namegabe alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani minene, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la barabara kama vya watu wote. Alizungumza kidogo tu. Alisema kwamba yeye hubuni umbo la protini kwa kompyuta, na wenzake huitengeneza maabarani, na kwamba hakuna koleo duniani linaloweza kushika vitu vidogo kiasi hicho, kwa hiyo kazi yote lazima vipande viifanye vyenyewe.

"Nimesikia hapa kuna pete iliyojifunga," alisema. "Nimekuja kwa ajili yake."

Darius alishika beseni. Asma alitia vipande majini, akaingiza mkono chini ya kitambaa, na kidole chake kikaipata ncha ya uzi. Maji yalianza kuzunguka. Ilibaki kuvuta tu.

Ndipo alipomwona Umwiza. Alikuwa ameketi mbele kabisa, amenyoosha shingo ili asipitwe na kitu, na mapajani mwake alikuwa na vipande vyake sita, vyenye matundu. Alikuwa amekuja kujifunza alikosea wapi.

Kidole cha Asma kiliganda. Vipande vilirukiana, vikafanya rundo.

"Asma, iko nini?" Darius alinong'ona. Alitikisa tena, kwa nguvu zaidi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nyuma kabisa mtu mmoja alicheka, na mama yake Darius akaacha kutabasamu. Bado Asma angeweza kuvuta. Kuvuta kidogo tu, na wote wangepiga makofi tena, na hofu ile ingeendelea kukaa tumboni mwake wiki hii na wiki ijayo.

Aliutoa mkono chini ya kitambaa akauinua, na uzi ukang'aa kwenye mwanga wa dirisha.

"Madame," alisema, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Mercredi, siku ile ya kwanza, pete haikujifunga. Ni mimi nilifunga, na huu uzi. Darius hakujua kitu. Na matundu si ya hewa, Umwiza. Nilikudanganya. Nisameheni."

Madame Valérie alimtazama Darius. "Ni kweli hukujua?"

Darius aliitikia kwa kichwa. Aliliweka beseni mezani, maji yakamwagika kwenye kitambaa, naye akaenda kusimama karibu na mlango, mgongo kwao. Asma alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Rudi ukae, Asma," Madame alisema. Hakugomba, na hilo liliuma kuliko kugombwa.

"Naomba asikae," Docteur Namegabe alisema. "Asma, kata huo uzi. Kisha utuonyeshe tena."

"Haifanye kazi, Docteur."

"Ndiyo sababu nataka kuiona."

Asma alikata uzi, akatia vipande majini, akatikisa mwenyewe. Rundo lilitokea kama kawaida yake. Docteur alivua miwani, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa maji, akavigusa vipande kwa kidole.

"Nilipoanza kazi hii," alisema, akigeukia darasa, "nilitaka protini zangu zishikane kwa nguvu sana. Niliona nguvu ndiyo mambo yote. Walipozitia majini ziligandana kama ugali ulioachwa na mpishi. Nilikaa muda mrefu bila kuelewa. Halafu nikaelewa. Vipande vikikutana mara ya kwanza, mara nyingi vinakutana vibaya. Nguvu ikizidi, vilivyokutana vibaya haviwezi kuachana vijaribu tena. Sasa niambieni, tupunguze nguvu hii namna gani?"

Umwiza aliangalia vipande vyake, akavigeuzageuza.

"Tuweke kitu katikati," sauti ilisema kutoka mlangoni. Darius hakuwa amegeuka, lakini alikuwa akisikiliza. "Sumaku ikikuwa mbali kidogo, inavuta kidogo."

"Kitu gani?" Docteur aliuliza.

Sasa aligeuka. "Sparadra. Iko mu kabati ya dawa."

Madame alileta bandeji ile ya kunata. Umwiza aliikata, Asma akaifunga kwenye kila sumaku, na Darius, baada ya kusitasita, alikuja akashika beseni bila kumtazama Asma. Walijaribu. Vipande viligandana kama kwanza. Waliongeza bandeji, wakajaribu tena. Sasa vilishikana vitano, lakini kimoja kilikuwa kimeingia kichwa chini, na pete ilikuwa na mdomo wazi. Bila kufikiri Asma alinyoosha mkono akirekebishe.

"Usiguse," Docteur alisema. "Tikisa, Darius. Usiache."

Darius aliendelea kutikisa. Kile kipande kilichoingia vibaya kilitetemeka, kikaachia. Kikaelea peke yake, kikagonga ukingo wa beseni, kikageuka, kikarudi. Cha sita kilikuja kutoka upande wa pili. Asma aliziba mdomo kwa viganja viwili. Vipande viliingia nafasi zao, kimoja halafu kingine, na pete ikafunga, na mikono yote ilikuwa nje ya maji.

Mama mmoja alipiga kigelegele, na alikuwa yule wa kitambaa cha bluu.

Makofi yalipotulia, Madame Valérie alisimama kando ya meza.

"Asma, ulinidanganya, na hilo nitalizungumza na mama yako," alisema. "Lakini batoto, musikie muzuri, wote. Mutu akificha kosa mu sayansi, hadanganyi mwalimu tu. Umwiza alikuwa karibu na kweli kuliko wote. Sumaku yake ilikuwa inaachia, na kuachia ndiko tulikokuwa tunatafuta. Aliitupa kwa sababu ya uzi huu. Kesho ni daktari anatupa dawa nzuri, au mjenzi anajenga daraja, kwa kuamini kitu ambacho hakikutokea. Kushindwa si aibu. Docteur alishindwa zamani, na leo ndicho kilichotusaidia. Kosa ukilionyesha, watu wanakusaidia kulifungua. Ukilifunga na uzi, linabaki hapo hapo, na wewe unabaki nalo."

"Ndiyo, Madame," Asma alisema. Alimgeukia Umwiza. "Nitakusaidia kukata vingine."

"Na sumaku yangu ya kwanza, tutaitafuta pamoja nyuma ya darasa," Umwiza alisema, naye hakuwa amekasirika sana.

Wazazi waliokaa nyuma walilalamika kwamba hawakuona vizuri, na wakaomba pete ifungwe tena mbele yao. Asma aliivunja pete, akavirudisha vipande majini, akasogeza beseni kwa Darius.

Darius hakulishika. Kwanza aliinama, akainua kitambaa cha meza, akachungulia chini kwa makini, pande zote, bila haraka. Darasa zima lilicheka. Uso wa Asma uliwaka moto, lakini aliona ni haki ya Darius, na alijua kwamba rafiki yake atachungulia hivyo siku nyingi. Aliinua mikono yake yote miwili juu, mitupu, akaiacha huko mpaka Darius akasimama wima na kushika beseni.